Picha za safari za anga za miaka ijayo: amua kamera iko wapi kabla hujachora chombo

KalamuYaAnga (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaochora anga kwa kompyuta, iwe kwa Blender, Krita, Photoshop au chochote ulicho nacho, hasa wale wanaotaka mtazamaji aamini kwamba anachokiona kitakuwepo miaka kumi au ishirini ijayo. Sizungumzii vita vya nyota na meli zenye mabawa zinazokata kona mahali pasipo na hewa. Nazungumzia kambi ya kwanza kwenye ncha ya kusini ya Mwezi, chombo cha watu wanne kikielekea Mirihi, fundi aliyejifunga kamba nje ya kituo cha anga akibadilisha pampu. Aina hii ya picha naipenda kuliko zote, na naona wengi tunaiharibu kwa njia ileile: tunaanza na chombo. Tunakichonga kwa wiki nzima, tunakijaza mabomba na vifuniko, halafu mwishoni ndipo tunatafuta taa ya kukimulika na mandhari ya kuweka nyuma yake. Picha inatoka safi, lakini haiaminiki.

Msimamo wangu: anza na kamera. Picha hii imepigwa na nani? Alikuwa amesimama wapi, au kamera ilikuwa imefungwa kwenye nini? Lenzi gani, jua liko upande gani, kamera imewekwa kwa ajili ya kitu gani chenye mwanga? Ukishajibu hayo, utashangaa jinsi maamuzi mengine yanavyojipanga yenyewe.

Chukua nyota. Wanaanga wa Apollo, zile safari za Marekani za kwenda Mwezini, walipiga picha huko wakati wa mchana, kwa kamera za Hasselblad zilizowekwa kwa ajili ya ardhi inayopigwa na jua na mavazi meupe. Shata, kile kilango cha kuingizia mwanga kwenye kamera, ilifunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi 1/250. Nyota haiwezi kuacha alama kwenye filamu kwa muda huo, ndiyo maana anga ni jeusi tupu. Ukichora mchana wa Mwezini halafu ukamwaga nyota elfu moja angani, umemwambia mtazamaji kwamba pale hapakuwa na kamera yoyote. Huenda hajui sababu, lakini jicho lake linagoma.

Chukua tena picha za Artemis I, safari ya majaribio ya NASA kuelekea Mwezini. Novemba 2022 chombo chake, Orion, kiliruka bila watu hadi zaidi ya kilomita 430,000 kutoka duniani, na kamera ndogo zilizofungwa kwenye ncha za mabawa yake ya sola zikawa zinakitazama chombo chenyewe. Kuna picha ambayo Orion imejaa upande mmoja, na kule mbali Dunia na Mwezi ni viduara viwili kwenye weusi. Hakuna aliyepanga pembe ya kishujaa. Kamera ilikuwa pale ilipofungwa, basi. Ndiyo maana picha ile ina nguvu kuliko mamia ya michoro ya vyombo vilivyopigwa kutoka ubavuni na mtu asiyekuwepo.

Sasa umbali. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinaruka kama kilomita 400 juu. Kutoka pale upeo wa macho uko takriban kilomita 2,300, kwa hiyo unaona kipande tu cha Dunia, kimejipinda kwa upole, na angahewa ni utepe mwembamba wa bluu pembeni. Hata hivyo kila siku nakutana na mchoro wa kituo kinachofanana na hicho huku Dunia nzima ya mviringo ikining'inia nyuma yake. Ile picha mashuhuri ya Dunia nzima ya Apollo 17, ya tarehe 7 Desemba 1972, ilipigwa kutoka kilomita 29,000 hivi. Ukitaka duara kamili, peleka kamera huko, na ukubali kwamba kituo cha obiti ya chini hakionekani tena.

Nakuja kwenye kivuli, sehemu ninayoipenda zaidi. Safari zijazo za Mwezini zinalenga ncha ya kusini kwa sababu ya barafu iliyofichwa kwenye kreta (mashimo makubwa ya duara) ambazo hazijaona jua kwa muda mrefu mno. Mhimili wa Mwezi umeinama kama digrii 1.5 tu, kwa hiyo kule jua halipandi. Linazunguka likiwa limelalia upeo wa macho. Mtu wa mita 1.8 jua likiwa digrii 1.5 anatupa kivuli cha karibu mita 69. Nguzo ya antena ya mita 10 inatupa kivuli cha mita 380 na zaidi, kama ardhi ingekuwa tambarare.

Kivuli hicho hakina makali mwanzo hadi mwisho. Jua si nukta. Kutoka Mwezini lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo ukingo wa kivuli unafifia kadiri unavyokwenda mbali na kitu chenyewe. Nguzo nyembamba ya sentimita 10 inaacha giza kamili kwa mita 11 hivi tu. Baada ya hapo ni alama hafifu inayozidi kupauka, na ikifika ncha ya kivuli hutaitambua. Gari kubwa au kuta za kambi, kinyume chake, zinaweka giza zito linalokwenda mbali sana. Ukichora kambi ya ncha ya kusini ambayo vivuli vya nguzo na vya majengo vina uzito uleule mpaka mwisho wa fremu, picha nzima imeshaanguka, hata kama boliti zote zimekaa mahali pake.

Na kivuli cha Mwezini si shimo jeusi. Kuna picha za Apollo 11 ambazo Armstrong alimpiga Aldrin akishuka ngazi ndani ya kivuli cha chombo, na unamwona vizuri kabisa, mikunjo ya vazi na mkoba wa mgongoni, kwa sababu ardhi iliyomulikwa pembeni inarudisha mwanga. Mwanga huo unatoka chini. Angahewa ya kujaza mwanga kutoka juu haipo. Kwa hiyo ndani ya kivuli, kidevu na chini ya mikono hung'aa kidogo, na juu ya kofia kunabaki giza. Ukilipata hilo, mchoro unageuka ushahidi.

Karibuni. Nataka tujadili kwa kina, wenye ujuzi wa uhandisi na wenye ujuzi wa rangi.

fundi_mwanga

Mkuu umeshusha madini. Naongezea upande wa Blender kwa wanaoanza.

Taa ya jua kwenye Blender ina kipimo cha upana wa jua, na chenyewe huja kimewekwa digrii 0.526, ambacho ni sahihi kwa Dunia na Mwezi. Usiguse. Wengi wanakipandisha ili kivuli kiwe laini na cha kupendeza, na hapo ndipo kambi ya mita mia inageuka kitu cha mezani. Ukienda Mirihi, kishushe hadi 0.35, maana jua kutoka kule ni dogo zaidi. Nguvu ya mwanga nayo: karibu na Dunia ni wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, Mirihi kwa wastani ni kama 590.

Kwa Mwezini, ondoa kabisa mandhari ya mwanga wa mazingira. Acha weusi mtupu, halafu weka ardhi ya kutosha kuzunguka modeli yako, hata ile isiyoonekana kwenye fremu, ili Cycles (injini ya Blender ya kukokotoa mwanga) irudishe mwanga kutoka chini kama alivyosema mleta uzi. Ardhi ya Mwezi ni nyeusi kuliko watu wanavyodhani, inarudisha asilimia 12 hivi tu ya mwanga. Inaonekana nyeupe usiku kwa sababu imezungukwa na giza. Ukiipaka kijivu cheupe, vazi la mwanaanga litapoteza mng'ao wake wote.

Tumia pia AgX kwenye upangaji wa rangi, inakuja tayari tangu Blender 4.0. Maeneo makali yanaelekea kwenye weupe taratibu kama filamu, hayakatiki ghafla.

BintiZohali

Naomba nipingane na mleta uzi kwenye nyota. Mimi nachora kwa ajili ya majalada na mabango, na mchoro wenye anga jeusi tupu unarudishwa. Mteja anasema "hakuna kitu hapo juu". Tena sanaa si ushahidi wa mahakamani. Mtu akitazama anga la safari ya mbali anataka kuhisi ukubwa wa ulimwengu, na nyota ndizo zinazompa hisia hiyo. Kwa nini kamera ya Hasselblad ya 1969 itufunge sisi wa leo?

KalamuYaAnga

BintiZohali, hoja yako ina uzito, na sitaki nyota zife. Nataka zilipiwe gharama yake. Ukihitaji nyota, ipe kamera sababu ya kuziona: fungua shata kwa muda mrefu, ondoa jua kwenye uso wa kitu chako. Mwanaanga Don Pettit amepiga picha za ajabu kutoka kituo cha anga upande wa usiku, kwa muda mrefu wa mwanga, nyota zikiacha michirizi ya mviringo na taa za miji chini zikivutika kuwa nyuzi za dhahabu. Zile ni picha za kweli, zimejaa nyota, na ni nzuri kuliko vumbi jeupe tunalonyunyizia.

Kwa hiyo kwa jalada lako: chombo kipite kwenye kivuli cha Mwezi. Kinachokimulika ni madirisha yake na taa ndogo ya fundi aliye nje. Hapo anga inaruhusiwa kujaa nyota. Kama fremu moja ina jua kali kwenye chuma na pia Njia ya Maziwa imewaka, mimi ningechagua kimoja. Ukubwa wa ulimwengu unaweza kuletwa pia na weusi wenyewe, kama kuna kitu kidogo kinachojulikana ndani yake.

BintiZohali

Kivuli cha Mwezi na taa ya fundi, hiyo nimeipenda. Kwa mteja wa majalada bado nitaweka nyota chache hata juani, sitakudanganya. Lakini wazo la usiku nalichukua.

ChoraPolepole

Wakuu naomba msaada. Nimetengeneza kituo cha Mwezini, kipenyo cha kila chumba mita 9, lakini kila anayekiona anasema kinafanana na mwanasesere. Vipimo vyote nimeweka sahihi. Tatizo linaweza kuwa nini?

fundi_mwanga

Vipimo vya modeli vikiwa sahihi, kagua haya kabla ya kugusa kitu kingine. Je, umeweka ukungu wa lenzi, yaani vitu vilivyo mbele na nyuma ya jengo vififie kwa kukosa fokasi? Ukungu wa namna hiyo jicho linauhusisha na kitu kilichopigwa kwa karibu sana. Kwenye picha ya jengo la mita 9 kutoka mita 60, kila kitu kinapaswa kuwa wazi. Halafu kingo: kama umezilainisha kwa kiasi kilekile kila mahali, kingo ya ukuta inakuwa na mviringo wa sentimita kadhaa, kama plastiki iliyomiminwa. Punguza hadi milimita.

Tatu, tekscha ya udongo, yaani picha inayovikwa juu ya modeli. Wengi wanapakua tekscha ya kokoto na kuitandaza kilomita nzima, kokoto zinakuwa na ukubwa wa magari. Udongo wa Mwezi ni unga laini sana uliochanganyika na mawe ya kila ukubwa, na kreta ndogo ndani ya kreta kubwa, kuanzia ukubwa wa kikombe hadi kilomita. Ukiweka ukubwa mmoja tu, umepoteza kipimo.

KalamuYaAnga

Naunga mkono, na naongeza upeo wa macho, maana unasahaulika. Mwezi ni mdogo. Kwa macho yaliyo mita 1.7 juu ya ardhi tambarare, upeo uko kilomita 2.4 tu, nusu ya wa Dunia. Kwa Mirihi ni 3.4. Na Mwezini hakuna hewa ya kupausha vitu vya mbali, kwa hiyo mlima ulio umbali wa kilomita 20 unaonekana na makali yaleyale ya jiwe lililo umbali wa mita 20. Wanaanga wa Apollo walipata shida hiyohiyo ya kukadiria umbali. Usiweke ukungu wa mbali ili "kuonyesha kina". Weka kitu ambacho mtazamaji anakijua ukubwa wake: alama za viatu, nyayo za magurudumu zinazopungua upana kuelekea kambini, mtu mmoja amesimama mlangoni. Alama za viatu zikianza mbele ya kamera na kuishia kwa mtu yule, chumba chako cha mita 9 kitarudi kwenye ukubwa wake siku hiyohiyo.

Mhandisi Mtazamaji

Sichori, ila nafanya kazi za mitambo, na uzi huu umenigusa. Niongelee kinachonisumbua kwenye michoro ya vyombo vya Mirihi: joto halina pa kwenda.

Angani hakuna hewa wala maji ya kubeba joto. Njia pekee ya kulitupa ni kulimulika nje kama mionzi. Kwa hiyo chombo chochote chenye umeme mwingi kinahitaji rejeta kubwa, yaani paneli za kutolea joto. Angalia kituo cha kimataifa: zile mbao nyeupe zilizokunjwa kama kinanda karibu na sola, hizo ni rejeta, ndani yake inapita amonia. Zinageuzwa ubavu kwa jua ili zisipokee joto wakati zinapotakiwa kulitoa. Sola zinalitazama jua, rejeta zinalikwepa. Sheria hiyo moja tu ikifuatwa, mchoro unaanza kuwa na mantiki hata kwa asiyejua chochote.

Kama chombo chako kina mtambo wa nyuklia, mambo yanapendeza zaidi. Ngao ya kuzuia mionzi ni nzito, kwa hiyo haizungushwi mtambo mzima. Inawekwa upande mmoja, kati ya mtambo na watu, na nyuma yake kunatokea koni ya kivuli cha mionzi. Kila kitu kinatakiwa kikae ndani ya koni ile. Ndiyo maana rejeta za chombo cha namna hiyo zinakuwa nyembamba karibu na mtambo na kupanuka kuelekea kwa watu, umbo la pembetatu ndefu. Na watu wanakaa mwisho wa mlingoti mrefu, kwa sababu umbali nao ni kinga. Hapo umbo zima limetoka kwenye sababu, hata kalamu hujaishika bado.

Rejeta kuwaka nyekundu kama mkaa ni jambo la kuangalia. Kiasi cha joto kinachotoka kinapanda kwa kipeo cha nne cha nyuzi za kelvini: ukiongeza maradufu, unatoa mara 16. Kwa hiyo rejeta ya moto sana inaweza kuwa ndogo. Lakini ya kelvini 500 haitoi mwanga wowote unaoonekana na jicho. Ukitaka wekundu, joto lipande sana, na kamera iwe upande wa giza.

La mwisho, matangi. Vyombo vya kweli ni matangi yenye watu kidogo pembeni. Haidrojeni ya kimiminika ina uzito wa kilo 71 tu kwa mita ya ujazo, methani ni kama 420. Ukisema chombo chako kinatumia haidrojeni, tangi liwe kubwa la kutisha. Michoro mingi ina vyumba vya abiria kama hoteli na tangi la kuchemshia chai.

ChoraPolepole

Mhandisi, na lile gurudumu linalozunguka ili watu wasielee? Naliona kila mahali.

Mhandisi Mtazamaji

Linawezekana, tatizo ni ukubwa wake. Mwendo wa mizunguko miwili kwa dakika hutajwa mara kwa mara kuwa watu wengi wangeuvumilia bila kichefuchefu. Kwa mwendo huo, ili upate uzito wa Duniani unahitaji nusu kipenyo cha mita 224. Ukiridhika na uzito wa Mirihi, mita 85 hivi. Kwa hiyo kwa miaka ya karibuni, achana na gurudumu la chuma. Chora vyumba upande mmoja, hatua ya roketi iliyokwisha mafuta upande wa pili kama uzito wa kusawazisha, na kebo au mlingoti mrefu katikati. Ni rahisi kuchora, na ni geni machoni.

KalamuYaAnga

Mhandisi, asante sana. Sijui wangapi wameona, lakini umesema jambo lilelile la kamera kwa mlango mwingine: kila kitu kwenye picha kiwe pale kwa sababu.

Niongeze moto wa roketi, kwa kuwa unaharibu picha nyingi nzuri. Ndani ya angahewa moto unabanwa na hewa, unakuwa mrefu wenye mafundo ya mwanga. Pasipo na hewa, gesi inatawanyika pana mara tu inapotoka kwenye nozeli, na mara nyingi haionekani kabisa. Apollo 17 ilipoondoka Mwezini Desemba 1972, kamera iliyoachwa kwenye gari ilirekodi tukio zima: vipande vya karatasi za kuzuia joto vinaruka kila upande, kisha chombo kinapanda bila mkia wa moto. Huo ndio mwondoko wa kuchora. Vumbi vilevile, pasipo hewa halifumuki kama moshi. Linaruka moja kwa moja, linachora tao na kuanguka. Filamu ya gari la Apollo 16 likikimbizwa inaonyesha udongo ukitupwa na magurudumu kwa matao safi kabisa. Na chombo kinapotua, vumbi linakimbia chini chini kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati. Ukipaka wingu linalovimba, umeileta Dunia Mwezini.

Nyayo za Vumbi

Mimi ni wa Mirihi, naona mmeutupa pembeni. Kule kuna hewa, hata kama ni chini ya asilimia moja ya shinikizo la hapa kwetu Duniani, na hewa hiyo imejaa vumbi laini. Anga la mchana lina rangi ya kahawia ya njano, na mwanga wa rangi hiyo unaingia kwenye kila kivuli. Jioni mambo yanageuka: kuzunguka jua kunakuwa na mng'ao wa bluu, kwa jinsi chembe za vumbi zinavyotawanya mwanga. Gari la NASA la Curiosity liliyapiga picha machweo ya namna hiyo mwaka 2015 kutoka kreta ya Gale.

Hata wataalamu wa NASA walianza na rangi ya nyumbani. Chombo chao cha Viking 1 kilipotua Mirihi Julai 1976, picha ya kwanza ya rangi ilitolewa ikiwa na anga la bluu, baadaye vipimo vya rangi vikarekebishwa. Macho yetu yanataka bluu, kwa hiyo ukichora Mirihi linganisha kila wakati na picha za kweli.

Kitu kingine ni uchakavu. Vumbi la Mirihi linatua juu ya kila kitu. Chombo cha NASA cha InSight kilinyamaza mwishoni mwa 2022 kwa sababu sola zake zilifunikwa mpaka umeme ukaisha. Picha yake ya mwisho ya kujipiga inatia simanzi, chombo kizima kimekuwa rangi ya ardhi. Magurudumu ya Curiosity yametobolewa na mawe. Kwa hiyo chombo kilichokaa mwaka mmoja Mirihi hakiwezi kuwa cheupe cha dukani. Ila usipake kutu! Paka vumbi kwenye nyuso za juu, liwe pungufu kwenye nyuso zilizosimama, na uache usafi pale ambapo glovu hushika kila siku.

BintiZohali

"Pale ambapo glovu hushika." Hiyo naiandika ukutani.

Swali kwa wote: mnasemaje kuhusu picha zinazotolewa na akili bandia? Nyingi sasa zinaonekana za kweli kwa mbali.

KalamuYaAnga

Kwa mbali, ndiyo. Sogea karibu ukague kwa maswali ya uzi huu. Mara nyingi jua la kwenye kofia ya mwanaanga linatoka kushoto na kivuli chake kinaenda kushoto. Sola hazina kiungo cha kuzigeuza. Bomba linaanza ukutani na kuishia hewani. Mashine inajua picha za anga zinavyofanana, lakini haijaulizwa rejeta inatazama wapi. Kwa kutafuta mpangilio wa rangi haraka, sina ugomvi nayo, mradi useme umeitumia. Kwa picha inayodai kuonyesha jinsi tutakavyoishi kule, mimi nataka mtu aliyefanya uamuzi kwenye kila boliti.

Wazee wetu wa fani hii walifanya hivyo bila kompyuta. Chesley Bonestell, Mmarekani aliyesomea usanifu majengo, mwaka 1944 alichapisha michoro ya Zohali ikionekana kutoka kwenye miezi yake, amekokotoa ukubwa wa sayari kwa kila mwezi. Watu waliiona kama picha zilizopigwa. Lakini milima yake ya Mwezini aliichora mikali kama meno, kwa wazo kwamba pasipo upepo na mvua hakuna kinacholainisha mawe. Mfaransa Lucien Rudaux, aliyekuwa akitazama Mwezi kwa darubini, alikuwa ameshaichora ya mviringo miaka mingi kabla, kwa sababu aliiona hivyo kwenye ukingo wa Mwezi. Apollo ikampa Rudaux haki. Hesabu ni lazima, na kutazama ni lazima.

ChoraPolepole

Basi nisaidieni pa kutazama. Nataka kuanza upya kambi ya ncha ya kusini kwa ardhi ya kweli. Naipata wapi, na Dunia niiweke wapi angani?

KalamuYaAnga

Ardhi ipo bure. Chombo cha NASA cha LRO kinauzunguka Mwezi tangu 2009, na kifaa chake cha leza, LOLA, kimepima miinuko, hasa karibu na ncha, ambako njia zake zinakutana mara nyingi. Kitengo cha NASA cha taswira za kisayansi kinatoa ramani ya rangi na ramani ya mwinuko zilizoandaliwa mahususi kwa wachoraji wa kompyuta. Ukingo wa kreta ya Shackleton ni pazuri kuanzia: upana kilomita 21, kina zaidi ya kilomita 4. Ukihamia Mirihi baadaye, tumia miinuko ya HiRISE (kamera iliyo kwenye chombo kinachoizunguka Mirihi), ambayo kwenye maeneo iliyoyapima inafika kama mita moja kwa nukta. Vipande vidogo vya udongo na mawe utavichonga mwenyewe juu yake.

Dunia sasa. Kutoka Mwezini ina upana wa digrii 1.9, karibu mara nne ya Mwezi tunavyouona. Ukitumia lenzi ya milimita 60 kwenye fremu ya mraba ya milimita 55, kama Hasselblad za Apollo, na picha ina pikseli 4,000 kwa upana, Dunia itachukua pikseli 145 hivi. Utaona ni ndogo na utatamani kuikuza. Usiikuze. Kwenye ncha ya kusini inakaa chini kabisa karibu na upeo, inapanda na kushuka digrii chache kwa mwezi, na kuna siku inazama. Itakuwa imepinduka, bara la Antaktika likiwa juu. Na upande wake unaong'aa lazima uelekee kwenye jua lako: jua likiwa kulia kwa digrii 90, chora nusu Dunia, kulia kung'ae na mstari wa usiku usimame wima.

Anza na boksi tupu mahali pa kila jengo, jua liwe digrii 1.5, kamera iwe kwenye kimo cha kifua maana ndipo wale wa Apollo walipozifunga. Usiweke tekscha yoyote. Tuma picha hiyo ya kijivu hapa, tukague vivuli kwanza.

ChoraPolepole

Naipakua ramani ya Shackleton sasa hivi. Kesho naweka ya kijivu.